UZI: Unataka kuleta kocha kutoka nje ya kampuni kwa wafanyakazi wako hapa Dar? Pitia hapa kabla hujasaini profoma (ankara ya awali ya bei)

Mpangaratiba (mtoa uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Robo ya mwisho ya mwaka ikikaribia, maombi ni yale yale: "naombeni namba ya kocha mzuri wa timu ya mauzo". Namba zinamwagwa, mtu anachukua ya bei rahisi, tisheti zinachapishwa, picha zinapigwa, Jumatatu kazi inaendelea kama ilivyokuwa Ijumaa. Tuweke mambo mezani. Mnaojua zaidi mnirekebishe.

Kuna watu watatu wanaouzwa kwa jina moja. Mhamasishaji anapandisha mori: ana maiki, ana vichekesho, watu mia wanapiga makofi. Mkufunzi anafundisha kitu ambacho watu hawakijui, kama Excel au namna ya kuhesabu stoo. Kocha anakaa na watu ambao kazi wanaijua, anawaangalia wakiifanya, anawauliza, wanarekebisha, halafu anarudi baada ya wiki mbili kuangalia tena. Wote watatu wana faida yao. Kilio cha "tumepigwa" mara nyingi kinatoka kwa aliyelipia wa tatu akaletewa wa kwanza.

Sasa kabla ya kutafuta mtu, fanyeni jaribio moja lisilo na gharama. Chukueni wafanyakazi watatu wa kazi ile ile, mmoja mmoja, waifanye mbele yenu taratibu na kwa usahihi. Wakishindwa wote, mnahitaji mkufunzi. Akishindwa mmoja, hiyo ni kazi ya msimamizi wake. Wakiweza wote, basi ujuzi upo na kuna kitu kinawazuia kuutumia siku za kawaida. Hapo chimbeni: ni vifaa, ni utaratibu, ni msimamizi, au ni malipo?

Mfano wa malipo. Vijana wa mauzo wanajua kabisa kwamba madeni ya wateja wa Kariakoo yanatakiwa kufuatiliwa kila wiki. Hawafuatilii. Ukiangalia karatasi ya kamisheni unakuta inahesabiwa mzigo ukitoka stoo, hata kama hela haijaingia. Kocha gani atashinda hapo? Hamisheni kamisheni ihesabiwe pesa ikiingia benki, hela ya kocha ibaki.

Kocha anafaa pale ambapo watu wanaweza lakini leo wanafanya, kesho hawafanyi, na msimamizi wao kazi yake ni kufoka tu. Mkishajiridhisha mko hapo, andikeni hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi mnayotaka ifanyike. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Ndani yake weka tabia tatu zinazoonekana kwa macho. "Kuboresha ari ya kazi" haionekani. "Karani anasoma hati ya mzigo mstari kwa mstari kabla gari halijafungwa" inaonekana, na inahesabika.

---

Bwana Kejeli

Mkuu tusizungushane. Ukocha ni biashara ya maneno. Hiyo hela wagawie wafanyakazi uone kama hawatabadilika.

---

Mpangaratiba

Kama jaribio limeonyesha tatizo ni mshahara, wagawie kweli, nakuunga mkono. Ila karani asiyehesabu katoni ukimwongezea elfu hamsini ataendelea kutohesabu, tofauti ni kwamba atakuwa anacheka.

---

Dada Rasilimali

Niongeze upande wa kuchagua mtu, maana hapo ndipo HR (watu wa rasilimali watu) wengi tunateleza.

Ombeni watatu, msizidishe. Kila mmoja apewe hadidu zile zile na alete maandishi ya kurasa zisizozidi nne. Halafu msiwaite ofisini kuonyesha slaidi. Wapeni dakika 40 na wafanyakazi wenu watano halisi, kazini, mkiwa mmekaa pembeni kimya. Hesabuni kitu kimoja: kati ya dakika hizo, yeye ameongea ngapi? Akitumia 30 kuhubiri, huyo ni mhamasishaji aliyebadilisha kadi ya biashara.

Vyeti. Vinavyoonekana sana ni vya ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995. Ngazi zao ni tatu: ACC inataka saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi na wateja, PCC saa 125 na 500, MCC saa 200 na 2,500. Mwenye nacho anahakikiwa kwenye tovuti yao, kwa hiyo usikubali picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp. Ila jamani, cheti hicho kinapima namna ya kuongoza mazungumzo. Hakisemi kama mtu anaweza kusimama kwenye ghala la Vingunguti saa 12 asubuhi akaeleweka na wapakiaji. Kwa wakurugenzi, cheti kina uzito. Kwa vibarua na makarani, dakika 40 zile zina uzito zaidi.

Wadhamini nao: atawapa namba ya HR wa kampuni aliyofanyia kazi. Ombeni namba ya msimamizi wa zamu. Mwulizeni swali moja, "kuna kitu gani mnafanya leo ambacho hamkuwa mnafanya kabla hajaja?" Akianza kusema alikuwa mcheshi sana, mmeshapata jibu.

Na mtego mkubwa wa Dar: anayekuja kwenye maongezi ni mwenye jina, anayekuja kufanya kazi ni kijana wake wa mwaka wa kwanza. Kwenye mkataba liandikwe jina la atakayefanya kazi, na kwamba akibadilishwa bila ridhaa ya maandishi mna haki ya kuvunja na kurudishiwa malipo ya vipindi ambavyo havijafanyika.

---

Kijana wa Tegeta

Nondo hizi dada. Swali: bei nimepewa kwa dola na jamaa anasema "milioni sita mkononi, habari za kodi mtajua wenyewe". Ni sawa?

---

Mzee wa Zuio

Si sawa, mara mbili.

Dola kwanza. Tangu kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilipoanza tarehe 28 Machi 2025, bei ya huduma inayotolewa ndani ya nchi inatakiwa iwekwe na kulipwa kwa shilingi. Mrudishie profoma yake aiandike upya.

Pili, "mkononi". Kocha mkaazi wa Tanzania anakatwa kodi ya zuio (kodi inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia) 5% ya ada. Anayekata ni kampuni, na inapeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Msipokata, TRA inawadai nyinyi. Hesabu iende hivi: ada 6,000,000. Kama amesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anaongeza 18%, yaani 1,080,000, ankara inakuwa 7,080,000. Zuio linahesabiwa kwenye ada peke yake bila VAT: 300,000. Anaingiziwa 6,780,000, nanyi mnampa cheti cha zuio ili akikitumia kwenye hesabu zake asilipe mara mbili. Asiye na cheti cha usajili wa VAT hana ruhusa ya kuwatoza hiyo 18%, hata akiiandika kwa wino wa dhahabu.

Sasa mkikubali "sita mkononi", ada halisi si sita tena. Unagawa 6,000,000 kwa 0.95, unapata 6,315,789. Hiyo laki tatu na ushee inatoka mfukoni kwenu. Ndiyo maana neno "mkononi" lisiwepo kabisa kwenye mazungumzo ya bei.

Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) idaiwe siku ya malipo, pamoja na TIN yake (namba ya mlipakodi) kwenye ankara. Bila risiti, mkaguzi akifika matumizi hayo anayakataa na mnayalipia kodi ya mapato kana kwamba hayakuwepo.

---

Kijana wa Tegeta

Asante sana mzee wangu. Na kama anatoka Nairobi? Si Afrika Mashariki ni moja?

---

Mzee wa Zuio

Kwa kahawa ni moja. Kwa kazi, anahitaji kibali hata kama ni siku tatu. Asije kama mgeni wa matembezi akashika maiki. Mambo ya ajira za wageni yana sheria yake ya mwaka 2015, na watu wa Idara ya Kazi na wa Uhamiaji wote wanahusika. Anzeni mapema. Zuio kwa asiye mkaazi ni 15%, na mhasibu aangalie VAT ya huduma inayotoka nje. Ukijumlisha tiketi, hoteli na kibali, lazima awe na kitu ambacho hakipo hapa mjini.

---

Stoo Kuu

Nizungumzie ratiba maana nyie mnaongea kama watu wote wanakaa Masaki.

Kipindi kikiandikwa kuanza saa 2 kamili asubuhi Posta, wanaotoka Mbagala, Chanika na Kibamba wameamka saa 10 usiku. Wanafika wamechoka kabla ya kuanza. Wekeni saa 3, au bora zaidi kocha aende walipo. Masika, Machi mpaka Mei, Jangwani ikijaa maji mabasi ya mwendokasi husimama, nusu ya darasa ikakwama. Vipindi vya miezi hiyo vifanyike eneo la kazi tu.

Epukeni siku tano za mwisho wa mwezi (mauzo na hesabu za stoo) na siku mbili za kwanza. Ramadhani msipange mchana. Asubuhi saa 3 hadi saa 5 panafaa. Desemba kwa wauza bidhaa sahauni kabisa.

Msiwachukue watu wote kwa wakati mmoja. Zamu yenye watu 14 ukiwatoa wote, ghala limefungwa na meneja wa usambazaji atakuja kuwavuta mmoja mmoja mlangoni. Watoke saba, wabaki saba, kipindi kirudiwe.

Jumamosi ndiyo ugomvi. Mabosi wengi wanaona Jumamosi ni bure. Sheria ya Ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Mafunzo aliyoamuru mwajiri ni kazi. Zikizidi 45, ni saa za ziada, mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na siku yake ya mapumziko ya wiki ni mara mbili. Ukiweka hiyo kwenye bajeti utaona Jumatano mchana ni nafuu.

---

Kocha wa Ghalani

Niwaonyeshe kazi yenyewe inavyokuwa, maana wengi wanalipia kitu wasichokijua sura.

Kabla ya kipindi chochote kocha aombe nusu siku mbili za kusimama tu na kuangalia. Asipoomba, muulizeni kwa nini. Kwenye kupakia, kwa mfano, ataona karani ameshika hati ya mzigo, anaangalia jumla chini, anaangalia gari, anasaini. Baadaye, pembeni, mazungumzo yanakwenda hivi:

"Umejuaje kwamba katoni 40 za sabuni zimepanda?"
"Gari limejaa."
"Zikiwa 38, gari lingeonekanaje?"
(kimya) "Lingejaa vile vile."
"Kwa hiyo ungejuaje?"
"Ningehesabu zinavyopita mlangoni. Ila mpakiaji haningoji."
"Nani anaweza kumfanya akungoje?"

Hapo ndipo kazi ilipo. Karani hakuwa mvivu. Mpakiaji analipwa kwa gari, kwa hiyo anakimbia. Suluhisho likatoka kwa karani mwenyewe: katoni zipande kwa kumi kumi na mpakiaji aite "kumi!" kila fungu, karani anaweka alama. Kocha angemfokea "kuwa makini" angepata siku tatu za umakini.

Maswali yale yanafuata mpangilio unaojulikana: lengo, hali ilivyo, njia zilizopo, atafanya nini na lini. Kiingereza wanaufupisha GROW. Hauna uchawi. Ugumu ni kunyamaza baada ya kuuliza.

Vipimo vya kawaida: kundi lisizidi watu 12 wakiwa wanafanya mazoezi, mmoja mmoja dakika 45 hadi 60, wiki mbili kati ya kipindi na kipindi, vipindi sita kabla ya kusema kimefaulu au kimeshindikana. Na msimamizi wa zamu apewe vipindi vyake pekee, kabla ya walio chini yake. Kocha anaonekana mara sita tu, msimamizi yupo kila siku. Akiwa hajui kuuliza, kila kilichojengwa Jumatano anakibomoa Alhamisi. Hata Simba na Yanga kocha hamalizi kazi yake mechi ya Jumamosi, kazi iko kwenye mazoezi ya katikati ya wiki.

Lugha iwe Kiswahili chao. Slaidi za Kiingereza kwa watu wanaosema "mzigo", "stoo" na "tripu" ni kuwanyamazisha kwa heshima.

---

Fundi Forklift

Samahani wakuu, hapa kuna mtu kaniuliza kocha wa madereva wa forklift. Huyo asiitiwe kocha. Dereva asiye na mafunzo na leseni aende VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi), na masuala ya usalama yafuate OSHA (wakala wa usalama na afya kazini). Kocha aje baadaye, kama mtu ana leseni lakini anakimbiza mashine.

---

Dada Rasilimali

Sahihi kabisa kaka.

Niguse siri. Wafanyakazi wakijua maneno yao yanafika kwa meneja, watamwambia kocha anachotaka kusikia na mmelipia maigizo. Kwenye mkataba tenganisheni: kampuni inapata mahudhurio, tabia zilizokubaliwa na maendeleo ya kundi zima. Yaliyosemwa na mtu mmoja hayatoki, isipokuwa hatari kwa maisha au wizi, na hilo lisemwe mbele ya wote kipindi cha kwanza.

Msichanganye ukocha na hatua za mfanyakazi asiyefanya vizuri. Kanuni za utendaji bora, GN (Tangazo la Serikali) 42 ya 2007, zinamtaka mwajiri amwelekeze mtu na kumpa muda wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha kwa utendaji mbovu. Huo ni utaratibu wa kampuni, wenye barua na tarehe. Mkimtumia kocha kama shahidi wa hilo mara moja tu, zamu nzima itafunga midomo.

Kwa vituo vya simu: mkimpa kocha rekodi za wateja mnagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina na namba za wateja ziondolewe kwanza, na kocha asikilizie ofisini. Rekodi isiende kwenye simu yake.

---

Bwana Kejeli

Na posho je? Bila posho hawaji, mnajua fika.

---

Stoo Kuu

Posho ikiingia imekuwa semina. Watu wanasaini, wanakunywa chai, wanaangalia saa. Kipindi kikifanyika saa za kazi, eneo la kazi, nauli wameshalipwa kwenye mshahara, posho ya nini?

---

Dada Rasilimali

Hapo sikubaliani na wewe moja kwa moja. Ukimhamisha mtu wa Pugu aende ukumbini Mikocheni, nauli ya tofauti na chakula ni haki yake, usimwite mchoyo wala mlafi. Chai ya maziwa, chapati mbili na yai, mambo yanakwenda. Bahasha ya kukaa tu ndiyo siitaki.

---

Stoo Kuu

Nauli sawa. Bahasha hapana. Tumekutana njiani.

---

Mpangaratiba

Kwenye kupima. Fomu ya "umeridhika kiasi gani" inayojazwa saa ya kuondoka inapima chakula na kiyoyozi. Kirkpatrick tangu mwaka 1959 alishatenganisha hatua nne: walivyopenda, walichojifunza, wanachofanya kazini, na matokeo kwa kampuni. Pimeni ya tatu na ya nne.

Chukueni takwimu za wiki nne kabla kocha hajaingia, na wiki nne baada ya kipindi cha mwisho. Msihesabu makosa matupu, hesabuni uwiano. Kabla: makosa 24 kwenye hati 800, ni 3%. Baada: makosa 18 kwenye hati 450. Ripoti itasema "makosa yamepungua kwa robo" na watu watapongezana. Gawanya uone: ni 4%. Hali imekuwa mbaya zaidi, biashara ndiyo iliyopungua. Mkiwa na zamu mbili, anzeni na moja, nyingine isubiri. Zamu zote mbili zikiboreka sawasawa, sababu si kocha.

---

Mzee wa Zuio

Limesahaulika moja. Kocha akikolea, bosi anasema "aje tu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61: mtu aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, haijalishi mkataba umeuitaje. Siku tatu kwa wiki, saa tano kwa siku, mwezi wa kwanza tu mmeshavuka 60. Mkiachana vibaya ataenda CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) akiwa na hoja. Vipindi vyenye idadi, tarehe ya mwisho, vifaa vyake mwenyewe.

---

Kijana wa Tegeta

Malipo yagawanywe vipi? Huyu anataka yote mwanzo.

---

Kocha wa Ghalani

Mpe 30% baada ya kusaini, 40% baada ya kipindi cha tatu mkiwa na daftari lake la mahudhurio na tabia mlizokubaliana, na 30% wiki nne baada ya kipindi cha mwisho akirudi kuangalia mara moja zaidi. Hiyo ziara ya kurudi iandikwe na tarehe, maana ndiyo inayorukwa. Msiifunge 30% ya mwisho na mauzo kupanda. Mauzo yana mambo mengi asiyoyashika yeye, na kocha mzuri atakataa. Ifungeni na kazi aliyoahidi kufanya. Na nyie mkiahirisha kipindi chini ya saa 48 kabla, mlipeni nusu ya kipindi hicho. Akikataa kugawanyiwa kabisa, una wengine wawili kwenye orodha yako.

---

Kijana wa Tegeta

Nimemrudishia profoma muda huu. Shilingi, awamu tatu, jina lake kwenye mkataba. Nasubiri.